Kuishi na Kukua



Wapendwa wasikilizaji, Mwinjili Marko, katika sura ya tano, anatusimulia habari za binti wa Yairo. Bwana alimshika mkono msichana yule wa miaka 12, naye akainuka. Waliokuwapo walistaajabu mno. Lakini Bwana hakuishia hapo, bali aliagiza mtoto apewe chakula. Aliyemrudishia uhai hakusahau njaa yake.

Mataifa nayo yameyaunganisha mambo hayo mawili. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1991, unatamka katika kifungu cha 6 kwamba kila mtoto ana haki ya kuishi, na kwamba nchi zihakikishe, kwa kadiri ya uwezo wao wote, kuwa anaendelea kuishi na kukua. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika mzazi na mlezi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi na matibabu, pamoja na chanjo.

Je, neno lililoandikwa latosha? Tutazame Haydom, wilayani Mbulu, katika hospitali ya ndugu zetu Walutheri. Mwaka 2010 wahudumu wa uzazi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Mbele ya mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri. Lakini huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Mwaka 2011 ukaanzishwa utaratibu mwingine: mazoezi ya dakika chache, palepale kazini, kila wiki. Ndani ya mwaka mmoja, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000.

Ndugu zangu, maarifa yalikuwa yaleyale. Kilichoongezeka ni kurudia.

Sisi nasi tuna siku yetu moja. Kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, twasikia hotuba na nyimbo, kisha twarudi nyumbani. Hayo ni mafunzo ya siku moja. Lakini jumuiya ndogo ndogo hukutana kila wiki. Katekista, kabla ya sala ya mwisho, uliza: Ni mama gani anakaribia kujifungua? Mvua ikikata barabara ya Basotu au ya Yaeda, nani atamsindikiza, na nauli imewekwa wapi? Ni mtoto gani hajapelekwa kliniki mwezi huu? Ni nyumba gani haina chakula? Maswali haya huchukua dakika chache tu, ila yaulizwe kila wiki.

Nanyi akina baba wa Mbulu na Hanang, kila jioni mwajua kama ng'ombe wote wamerudi zizini. Basi mjue pia uzito wa mtoto ulioandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Na uchungu wa uzazi unapomshika mama, asingojee mashauri ya wazee, aanze safari.

Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima. Hata hivyo alipiga magoti mbele ya watu kwa ajili ya binti yake. Mungu atujalie unyenyekevu huo, na mikono yenye kuandaa chakula. Amina.