Hotuba ya Mwenyekiti: Kizunguzungu cha Akina Mama



Habari za hisa na mikopo mtasomewa na mweka hazina. Sisi tunaomba tuseme juu ya kizunguzungu, maana kwa miaka hii 10 kimewatoa wengi vikaoni.

Mnajua wenyewe. Mama anageuka kitandani, nyumba nzima inazunguka. Akija kikaoni anashika ukuta, watu wananong'ona: kalewa huyo, au karogwa. Mwenzetu mmoja aliacha kukaanga maandazi kwa kuogopa kuangukia mafuta ya moto. Marejesho yake yakasimama, na maneno yakaanza.

Tulimwita muuguzi akatueleza. Kumbe sikio si la kusikia tu. Ndani kabisa mna mifereji mitatu yenye maji, na karibu yake chembe za chokaa, ndogo kuliko mchanga, ambazo hutujulisha kichwa kimeinama au kimesimama. Chembe zikibanduka zikaingia mferejini, basi kila ukigeuza kichwa dunia inazunguka, kwa muda mfupi. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, hasa tukishapita miaka 50. Ndio umri ambao hedhi imekoma na homoni yetu ya kike, estrojeni, imeshuka. Homoni hiyo hulinda mifupa, na wataalamu wanadhani hata zile chembe hudhoofika ikipungua. Wajawazito nao, homoni zikibadilika, wengine masikio huziba.

Dawa yake hainunuliwi dukani. Mwaka 1992 daktari Mmarekani, John Epley, alichapisha njia ya kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka chembe zirudi. Ni dakika chache tu, ila afanye aliyefundishwa. Mama wa maandazi aligeuzwa hivyo mara mbili, na chai ya leo mmekunywa na maandazi yake.

Lakini si kila kizunguzungu ni sikio. Kuna presha, kuna upungufu wa damu. Ulimi ukiwa mzito, mkono ukilegea, au sikio likiziba ghafla usisikie, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kamati inaomba mfuko wa jamii utoe nauli ya kwenda kupimwa masikio, bila riba, na mgonjwa asitozwe faini ya kukosa kikao. Wanaokubali, tuone mikono.