Usijikatae Kabla Hujaomba

Mama unayeuza mchele hapo Igunga, dada unayekamua alizeti, nazungumza na wewe.

Umewahi kujiambia, "Mikopo ya halmashauri si ya watu kama mimi"? Hapo umejikataa mwenyewe. Afisa bado hajakukataa.

Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi. Asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo haina riba.

Hofu ipo, wala si ya kuchekwa. Wengi wetu tumeambiwa tangu utotoni kwamba biashara kubwa ni ya wanaume. Lakini karne ya 19 wanawake wa Kinyamwezi walisafiri na misafara ya biashara kutoka huku bara hadi pwani!

Sasa sikiliza. Anza na daftari. Kila jioni andika: umenunua kwa kiasi gani, umeuza kwa kiasi gani, umetumia kiasi gani nyumbani. Ndiyo, hata ile sukari ya watoto uliyoitoa kwenye mtaji. Mwezi ukiisha, ukiulizwa biashara inaendaje, hutababaika. Utafungua, utasoma. Daftari kwanza.

Kisha tafuta wenzako unaowaamini, msipungue watano. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Ulizeni kikundi kinasajiliwa vipi, na maombi yanajazwaje. Ukiona aibu kuingia peke yako, ingieni wote. Msimpe mtu hela ya "kuharakisha".

Ofisi hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa. Daftari mkononi.