Chakula cha Jioni Hupangwa Asubuhi

 



Jambo lililoletwa mbele ya mkutano huu si kubwa kwa jina, kwani ni chakula cha jioni katika siku za kazi. Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya jikoni, wala hayastahili kusemwa mbele ya wazee. Lakini mwenye kuzitazama vizuri nyumba za Buyenzi, na za mitaa mingine ya Bujumbura wakaayo Waislamu, ataona kwamba magomvi mengi baina ya mume na mke hayaanzi kwa jambo kubwa. Huanza saa moja ya usiku, sufuria ni tupu, makaa hayajawashwa, watoto wamekwisha sinzia juu ya mkeka, na kila mmoja anamwuliza mwenziwe: Leo tutakula nini? Na madeni mengi ya dukani hayatokani na arusi wala maradhi, bali hutokana na vitu vidogo vidogo vilivyochukuliwa usiku kwa haraka, vikaandikwa daftarini, kisha vikajumlishwa mwisho wa mwezi.

Yako watu wanaosema kwamba sababu ya haya yote ni umasikini. Umasikini upo, wala haufichiki. Bei ya vitu hupanda, na mwenye mshahara wa faranga chache hawezi kuuvuta ukawa mrefu. Lakini umasikini si sababu peke yake, na dalili ya maneno haya ni mwezi wa Ramadhani. Katika mwezi huo, nyumba iliyo masikini kabisa inajua tangu adhuhuri itafuturu nini. Maharagwe yamekwisha rowekwa, unga wa uji umekwisha chekechwa, makaa yapo, na baba amefika nyumbani kabla ya Magharibi. Ni kweli kwamba sadaka huzidi katika mwezi huo na majirani hupelekeana sahani. Lakini watu ni wale wale, na kazi ni zile zile. Iddi ikipita, mambo hurudi kama yalivyokuwa. Basi kitu kikubwa kilichokuja na Ramadhani na kuondoka nayo si fedha, bali ni utaratibu. Na utaratibu haukufaradhiwa kwa mwezi mmoja tu.

Tena wapo wanaodhani kwamba kupanga chakula cha kesho ni kupungukiwa na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Hilo si sawa. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Banu Nadhir. Na kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), aliyewafundisha watu wa Misri kuweka akiba katika miaka 7 ya neema kwa ajili ya miaka 7 ya dhiki, kinajulikana hata na watoto wa chuoni. Iwapo Mitume waliweka akiba ya mwaka na ya miaka, vipi itakuwa ni kosa kwa Mwislamu kujua Jumapili atakula nini Jumatano?

Basi utaratibu huu una mambo manne.

La kwanza ni la mume. Sharia imemwekea yeye wajibu wa kuilisha nyumba yake, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, kama ilivyobainishwa katika Sura ya Talaka, aya ya 7. Anayetoka asubuhi bila ya kuacha kitu, wala bila ya kusema neno, kisha akarudi usiku na kuuliza chakula kiko wapi, huyo amedai asichokilipia. Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe hampi cha kumtosha yeye na watoto wake, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kile kinachowatosha kwa desturi ya watu. Hukumu hiyo inaonyesha wazi kwamba fedha za chakula si hisani ya mume, bali ni haki ya watu wa nyumbani. Haifai zitolewe kwa vijisarafu kila jioni mlangoni. Yatakikana zitolewe kwa wiki nzima, au kwa siku tatu kwa anayelipwa kwa siku, ili mke apate kununua kwa kipimo kikubwa. Kwani anayenunua mawese kwa kijiko na makaa kwa kifurushi hulipa zaidi kuliko anayenunua kwa chupa na kwa gunia. Masikini hulipa zaidi kwa sababu hununua kidogo kidogo; na dawa yake ni nyumba mbili au tatu za majirani kununua pamoja na kugawana.

La pili ni la jikoni, nalo ndilo lenye manufaa mengi. Na ichukuliwe mfano wa nyumba moja: baba ni fundi cherehani, mama anauza vitambaa katika soko la Ruvumera, na watoto wanarudi shuleni mchana, kisha baada ya Magharibi huenda chuoni. Mama hufika nyumbani kama saa kumi na mbili, jua linatua. Nyumba kama hiyo haiwezi kuanza kupika maharagwe makavu saa hiyo, kwani yatakula makaa mengi, na watoto watalala kabla hayajaiva. Lakini maharagwe hayo hayo yakirowekwa usiku baada ya Isha, asubuhi yakaoshwa, maji yake yakamwagwa, yakatiwa maji mapya, kisha yakachemshwa juu ya moto ule ule wa chai, kazi yake ni fupi. Yapasa yachemke sana kwa muda wa nusu saa, wala kamwe yasipungue dakika 10 za kutokota, kwa kuwa maharagwe yasiyochemka vizuri yana sumu iumizayo tumbo. Kisha sufuria ifunikwe vizuri, itiwe katika kapu lililojazwa majani makavu ya mgomba au nguo nzito, na kufunikwa tena juu kwa blanketi. Moto uliomo ndani ya sufuria utaendelea kuyalainisha bila ya makaa hata moja. Jioni hurudishwa jikoni, yakachemka tena, ndipo hutiwa kitunguu, nyanya na mawese. Nyanya na ndimu hazitiwi mwanzo, kwani ukali wake huyafanya maharagwe yakawie kulainika.

Kwa njia hii siku tano za kazi hupangika hivi. Jumatatu ni maharagwe na ugali. Jumanne ni yale yaliyobakia, yakipikwa pamoja na ndizi katika sufuria moja. Lakini yawe yamechemshwa tena kabla ya kulala na asubuhi yake, na yakionekana na povu au harufu ya kuchacha yamwagwe, kwani joto la Bujumbura halina huruma na chakula kilicholala. Jumatano ni ndagala zilizokaushwa, zikaoshwa kwa maji ya moto, zikakaangwa kwa kitunguu na nyanya, pamoja na lengalenga na ugali wa muhogo; chakula hiki hakifiki saa moja jikoni. Alhamisi ni viazi na kabichi katika chungu kimoja, vikiungwa kwa karanga za kutwanga. Na Ijumaa, kwa kuwa ni siku tukufu, ndiyo siku ya wali, na aliye na uwezo huongeza mukeke au nyama kidogo.

Ama sombe, isiwekwe katika siku za haraka. Majani ya muhogo yana sumu ambayo huondoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila ya kufunikwa, na anayeyaharakisha huwadhuru watoto wake. Chakula hiki ni cha Jumamosi au Jumapili, wakati watu wapo na nafasi ipo.

Asidhani mtu kwamba vyakula hivi ni vya kushibisha tumbo tu. Maharagwe yakiliwa pamoja na nafaka hujenga mwili, kila kimoja kikitimiza upungufu wa mwenziwe. Ndagala huliwa na mifupa yake, na humo mna madini ya mifupa na meno. Mawese mekundu yasiyounguzwa yana vitamini ya kuhifadhi macho ya watoto. Ndimu juu ya mboga, au embe baada ya chakula, huusaidia mwili kuyapokea madini ya damu yaliyomo katika maharagwe. Na chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Basi ni afadhali chai ingojee saa moja.

Ndagala nazo zina majira yake. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaana. Mambo kama hayo huathiri masoko ya pande zote za ziwa. Anayenunua ndagala wakati wa wingi, akazianika tena juani na kuziweka katika chombo kikavu, hashtuki miezi ya uchache inapofika. Kadhalika wenye umri wanakumbuka Januari 27, 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoungua, mali za watu zikateketea kwa siku moja. Nyumba iliyokuwa na debe la maharagwe na unga chini ya kitanda ilipata siku za kutafakari. Isiyokuwa na kitu ililia siku ile ile.

La tatu ni aibu. Wapo wanaume ambao, wakiwekewa maharagwe siku mbili mfululizo, husukuma sahani na kwenda kula mishikaki barabarani, na hali watoto wao wanawatazama. Na wapo akina mama ambao wakisikia mgeni anabisha hodi huificha sufuria, wakatuma mtoto dukani kukopa mchele. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia kasoro chakula; alichokitamani alikila, na asichokitamani alikiacha kimya. Na Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba ilikuwa ikipita miezi katika nyumba za Mtume moto haujawashwa, chakula chao kikiwa tende na maji. Ikiwa nyumba hiyo, iliyo bora kuliko nyumba zote, haikuona haya kwa tende na maji, ni nani katika watu wa leo atakayeona haya kwa maharagwe na ugali? Aibu haimo katika sahani nyepesi. Aibu imo katika wali wa kukopa ambao mwenye duka hajalipwa.

La nne ni kusaidiana. Bibi Aisha aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, naye akaeleza kwamba alikuwa katika kazi za kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Basi mwanamume aliyetangulia kufika nyumbani akawasha jiko, au akachagua mawe katika maharagwe, hakupungukiwa na heshima, bali amefuata mwenendo wa Mtume wake. Mtoto wa kiume wa miaka 10 anaweza kuchota maji na kuosha ndagala kama awezavyo dada yake. Mama aliyesimama sokoni tangu asubuhi naye ni mja wa Mwenyezi Mungu mwenye kuchoka. Mizigo miwili juu ya kichwa kimoja ni dhuluma, hata ikiwa mwenye kuibeba amenyamaza.

Na chakula kikiwa tayari, kiliwe pamoja. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ni kwamba chakula cha watu wawili huwatosha watatu, na kwamba mwenye kupika mchuzi azidishe maji yake ili awakumbuke majirani. Tena amefundisha kwamba chakula cha usiku kikiandaliwa na sala ikakimiwa, mtu aanze kwa chakula, ili asisimame mbele ya Mola wake na moyo wake uko sufuriani. Hekima ya mafundisho hayo haiwezi kupatikana katika nyumba ambayo Isha inaingia na moto haujawashwa.

Basi kila nyumba ya Jumuiya na ianze kwa jambo moja jepesi. Jumapili baada ya Isha, kabla ya kulala, mume na mke wakae pamoja robo saa. Wahesabu kilichopo, wataje kilichopungua, na wakubaliane juu ya siku tano. Kisha maharagwe yatiwe majini, watu walale. Robo saa hiyo itaondoa maneno mengi ya saa moja ya usiku, itapunguza mistari mingi katika daftari la dukani, na watoto watalala hali wameshiba, wakiwa wamewaona wazazi wao wamekaa juu ya mkeka mmoja.

Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki za Waislamu, awaepushe na israfu na ubahili, azifanye nyumba zao kuwa nyumba za utulivu na mapenzi, na awarehemu wazee waliotangulia walioijenga Jumuiya hii. Amin.