WAKIMBIAJI WA NYERI NA UKUMBI WA HESHIMA

Haya ndiyo maneno ya hotuba juu ya wakimbiaji na wakufunzi wa Nyeri na miji iliyo chini ya Mlima Kenya.

Katika nchi nyingi za ng'ambo iko desturi ya kuwawekea wanamichezo mashuhuri ukumbi wa heshima. Picha zao hutundikwa ukutani, viatu vyao huwekwa ndani ya makabati ya vioo, na majina yao huandikwa ili wajukuu wapate kuyasoma. Mara nyingine hakuna nyumba yo yote, bali orodha tu inayotunzwa na wakubwa wa mchezo. Mtu huingizwa humo baada ya miaka mingi, wakati makelele ya uwanjani yamekwisha na watu wamepata nafasi ya kupima kwa utulivu ni nani aliyekuwa hodari kweli na ni nani aliyebahatika siku moja.

Mtu atokaye Karatina akishika njia ya Nanyuki hupita Kiganjo, penye Chuo cha Polisi. Pengine haoni jambo la ajabu: ni mabweni, uwanja wa gwaride, na makuruta wakikimbia kwa mistari. Lakini mahali hapo palikuwa kazini kwa mtu mmoja ambaye jina lake limo katika kumbi mbili za heshima za dunia.

Mtu huyo ni Bwana Kipchoge Keino. Yeye hakuzaliwa Nyeri. Ni mtu wa Nandi, aliyezaliwa mwaka 1940. Kazi ya Polisi ndiyo iliyomleta Kiganjo, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1962 alikwenda Perth, Australia, kwa mashindano ya Jumuiya ya Madola, akawa wa 11 katika mbio za maili 3. Mtu wa 11 havishwi nishani, na gazeti likimtaja humtaja kwa herufi ndogo. Akarudi kazini. Miaka 2 baadaye, katika Olimpiki ya Tokyo, alikuwa wa 5 katika mita 5,000, na mwaka 1965 akavunja rekodi za dunia za mita 3,000 na mita 5,000. Mwaka 1968, mjini Mexico, alikuwa mgonjwa wa nyongo hata akaanguka katika mbio za mita 10,000 kwa maumivu. Hata hivyo akapata nishani ya fedha katika mita 5,000, kisha akamwacha Mmarekani Jim Ryun nyuma sana katika mita 1,500 na kutwaa dhahabu. Miaka 4 baada ya hapo, mjini Munich, alipata dhahabu nyingine katika mbio za kuruka viunzi na maji.

Ukumbi wa kwanza uliompokea ulikuwa wa Boise, Marekani, mwaka 1996. Huo ni ukumbi wa wanamichezo waliowatendea wanadamu wema, naye aliingizwa kwa sababu yeye na mkewe, Bibi Phyllis, waliwalea watoto yatima huko Eldoret. Wa pili ni ule wa Shirikisho la Riadha la Dunia, ulioanzishwa mwaka 2012. Jina lake lilikuwa miongoni mwa majina 24 ya kwanza.

Watu wengi husema kwamba siri yote ni urefu wa nchi. Hapana shaka hewa ya miinuko ni nyepesi, na mwili wa mtu aishiye humo huongeza chembe nyekundu za damu ili upate kuitumia vizuri hewa hiyo kidogo. Mji wa Mexico umeinuka mita 2,240 hivi juu ya bahari, na wakimbiaji wa nchi tambarare walitaabika sana huko. Lakini kama urefu wa nchi ungetosha, kila mchuuzi wa sokoni Karatina angekuwa bingwa wa dunia. Yapasa kutazama kazi pia, na wale waliofundisha.

Wasikizaji wa Embu wanakifahamu Chuo cha Ualimu cha St. Mark's, Kigari. Kwa miaka mingi timu ya Kenya ya mbio za nyika ilikusanyika hapo kabla ya kwenda kwenye mashindano ya dunia. Wakimbiaji waliamka kabla ya jua, wakakimbia, wakala, wakapumzika, wakakimbia tena, na jioni mara ya tatu. Njia za huko zinapanda kuelekea msitu wa mlima, wala hazimwonei mtu huruma. Katika miaka ya kwanza mkufunzi mkuu alikuwa Bwana Mike Kosgei. Tangu mwaka 1986 mpaka 2003 timu ya wanaume wa Kenya ilishinda mbio ndefu za nyika za dunia kila mwaka, yaani mara 18 mfululizo. Bwana John Ngugi peke yake alikuwa bingwa mara 5: mwaka 1986, 1987, 1988, 1989, na tena 1992.

Hapa pana jambo la kusikitisha kidogo. Kumbi za heshima huhesabu nishani, na nishani huvaliwa na mkimbiaji. Mkufunzi hana muda unaoandikwa katika vitabu. Yeye husimama kando ya njia ameshika saa, akiwaona vijana wakipita na kutoweka katika ukungu, na kazi yake ikiwa njema husahauliwa kwa sababu mwanafunzi amekuwa mkubwa kuliko yeye. Mpishi aliyesonga ugali wa timu Kigari hakumbukwi kabisa.

Yafaa pia kukumbuka kwamba watu wa Nyeri walichelewa kuingia katika safari hii, wala si kwa uvivu. Bwana Nyandika Maiyoro wa Kisii alikimbia Vancouver mwaka 1954, na Melbourne mwaka 1956, Kenya ilipopeleka timu ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Miaka hiyo hiyo Nyeri ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, iliyoanza mwaka 1952 na kwisha mwaka 1960. Watu walikusanywa katika vijiji vyenye walinzi, na kutoka sehemu moja kwenda nyingine kulihitaji kibali. Kijana asiyeruhusiwa kutoka nje ya handaki la kijiji baada ya jioni hawezi kufanya mazoezi ya maili 10.

Katika nchi hiyo hiyo, miaka 12 baada ya Hali ya Hatari kwisha, alizaliwa msichana aliyekuja kuwashangaza Wamarekani. Bibi Catherine Ndereba alizaliwa tarehe 21 Julai 1972 huko Gatunganga, katika Mathira. Ni ajabu kidogo kwamba mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, wanawake waliruhusiwa rasmi kwa mara ya kwanza kushindana katika marathoni ya Boston, ambayo wanaume walikuwa wakiikimbia tangu 1897. Alisoma shule ya sekondari ya Ngorano, kisha akaajiriwa na Idara ya Magereza. Kwa vijana wengi wa Kenya kazi ya serikali yenye sare ndiyo iliyowapa mshahara wa kula na nafasi ya kufanya mazoezi. Asiyekuwa na kazi hiyo alilazimika kuchagua kati ya jembe na viatu vya mbio.

Mwaka 1997 hakushindana. Alikuwa amejifungua binti. Majirani wengi, katika Nyeri na kwingineko, wangesema kwamba mambo ya mbio yamekwisha sasa, na kwamba mwanamke mwenye mtoto mikononi hana haja ya kukimbizana na watu barabarani. Yeye akarudi mwaka 1998. Mwaka 1999 alikuwa wa 6 mjini Boston. Mwaka 2000 akashinda huko, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo.

Njia ya Boston inajulikana kwa vilima vyake, na kimoja kilicho karibu na maili ya 20 Wamarekani wamekipa jina la kuvunja moyo, kwa kuwa hapo wengi hukata tamaa. Kwa mtu aliyekulia Mathira kilima hicho si kitu cha kutisha. Mwaka 2005 Bibi Elfenesh Alemu wa Ethiopia alitangulia mbele sana, hata katikati ya safari alikuwa amemwacha Bibi Ndereba kwa zaidi ya dakika 1. Watazamaji walidhani mambo yamekwisha. Bibi Ndereba hakuharakisha ghafla wala hakuonyesha wasiwasi. Alipunguza nafasi ile kidogo kidogo, mtaa kwa mtaa, akamfikia mwenzake kwenye vilima na kumpita. Ulikuwa ushindi wake wa 4 mjini Boston, baada ya ule wa 2000, 2001 na 2004, na hapakuwa na mwanamke aliyepata kushinda mara 4 kabla yake. Wamarekani walimwita Catherine Mkuu, jina la malkia wa Urusi wa zamani.

Mwaka wa kukumbukwa zaidi ni 2001. Mwezi wa Aprili alishinda Boston. Mwezi wa Agosti, huko Edmonton katika Kanada, kijana mwingine wa Nyeri, Bwana Charles Kamathi, askari wa Polisi, aliingia katika mbio za mita 10,000 za ubingwa wa dunia. Mbio hizo zilikuwa kama mali ya Bwana Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mara 4 mfululizo tangu 1993. Bwana Kamathi alikaa na kundi mpaka mwisho, kisha akawapita wote. Bwana Gebrselassie akawa wa 3.

Kisha, tarehe 30 Septemba, Bibi Naoko Takahashi wa Japani alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 46, akawa mwanamke wa kwanza kupita chini ya saa 2 na dakika 20. Magazeti ya dunia yalijaa sifa zake, naye alistahili. Lakini sifa hizo zilidumu wiki 1 tu. Tarehe 7 Oktoba, mjini Chicago, Bibi Ndereba alimaliza kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Alipunguza sekunde 59 kutoka katika rekodi ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Mwaka uliofuata Bibi Paula Radcliffe wa Uingereza aliivunja papo hapo Chicago, kwa kuwa ndivyo rekodi zilivyo.

Alikuwa bingwa wa dunia mjini Paris mwaka 2003, na tena Osaka mwaka 2007, katika joto lililowaangusha wengi. Dhahabu ya Olimpiki peke yake ndiyo iliyomkwepa. Mjini Athens mwaka 2004 Bibi Mizuki Noguchi wa Japani alimtangulia kwa sekunde 12. Mjini Beijing, tarehe 17 Agosti 2008, akiwa na umri wa miaka 36, alipata fedha tena, akimtangulia Bibi Zhou Chunxiu wa China kwa sekunde 1.

Wiki 1 baada ya hapo, katika mji huo huo wa Beijing, kijana wa Nyahururu, upande wa pili wa milima ya Nyandarua, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki. Huyo ni marehemu Samuel Wanjiru. Alichukuliwa kwenda shule Japani akiwa na umri wa miaka 15, akafundishwa huko na Bwana Koichi Morishita, ambaye yeye mwenyewe alipata fedha ya marathoni mjini Barcelona mwaka 1992. Wazee wa mchezo walifundisha kwamba katika joto mtu huanza polepole. Kijana huyu, aliyekuwa na miaka 21, alianza kwa kasi tangu mwanzo, akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, rekodi mpya ya Olimpiki. Baadaye alishinda London mara 1 na Chicago mara 2. Tarehe 15 Mei 2011 alifariki kwa kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu. Alikuwa na umri wa miaka 24. Fedha nyingi na sifa nyingi zilimjia mapema, na mkufunzi aliyemfundisha kukimbia alikuwa mbali, Japani.

Basi liko neno la kufikiriwa na walimu na halmashauri za shule. Kumbi za ng'ambo ziko mbali, na nauli yake si ya mtoto wa mkulima wa kahawa. Mwaka 2004 Bwana Paul Tergat na wenzake walianza kutoa tuzo za wanamichezo wa Kenya, na hilo ni jambo jema. Lakini shule ya kijijini haihitaji kungoja Nairobi. Ubao mmoja wa mbao na kopo la rangi vyatosha, ukutani mwa darasa, mahali ambapo watoto hupita kila asubuhi. Waandike: Catherine Ndereba, Gatunganga, Boston 2000, 2001, 2004, 2005, Chicago 2001, Paris 2003, Osaka 2007. Na chini yake iachwe nafasi, na wazee wa kijiji waulizwe kabla hawajasahau, ni mwalimu gani aliyemwona kwanza akikimbia, akamwambia asiache.