Kisu Hakikati Mazoea



Miaka minne iliyopita niliondolewa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula. Nikapungua kilo 38, nikadhani kazi imekwisha. Mwaka wa tatu kilo 11 zikarejea. Hazikuletwa na karamu. Zililetwa na chai ya maziwa yenye sukari, chevda ya kutafuna dukani, na ladu moja moja. Vyakula vya namna hii hupita upesi bila kushibisha.

Sasa naanza na dengu, choroko au mtindi. Mboga hufuata, chapati mwisho. Natafuna polepole, na maji nanywa nusu saa baada ya kula. Nasi tusiokula nyama, baada ya upasuaji huu, hatuna budi kupimwa vitamini B12 na kutumia dawa zake maisha yote.

Katika sherehe hii ya mandiri yetu nina ombi moja. Mnaponigawia prasadi, nipeni chembe tu, baraka haipungui. Na nikikataa sahani ya pili, msidhani nimewadharau. Niacheni nikatae.