Nchi Jirani: Ziwa Kivu na Amri ya Kuhama Goma

Alfajiri ya tarehe 27 Mei, 2021, wakazi wa mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliamshwa na tangazo la gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, Jenerali Constant Ndima. Mitaa 10 kati ya mitaa 18 ya mji huo iliamriwa kuhama mara moja. Siku tano kabla ya hapo, usiku wa tarehe 22 Mei, mlima Nyiragongo ulikuwa umepasuka ubavuni na kuteremsha lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, hadi pembezoni mwa mji. Watu wapatao 30 walikufa. Lakini lava ilikuwa imekwisha simama, na wengi waliokimbia usiku ule walikuwa wamerejea majumbani mwao kuona kilichosalia. Sasa waliambiwa waondoke tena, na safari hii hapakuwa na moto wowote wa kuonekana kwa macho.

Sababu iliyotolewa ilikuwa nzito. Mitetemeko ya ardhi ilionyesha kuwa mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yakipenya chini ya mji wenyewe na chini ya Ziwa Kivu. Yangeweza kutokeza katikati ya nyumba za watu, au yangeweza kutokeza katika sakafu ya ziwa. Mamia ya maelfu ya watu walishika njia. Wengine walikwenda magharibi hadi Sake, wengine walivuka mpaka na kuingia Gisenyi nchini Rwanda, na wengine walipanda mashua kuelekea Bukavu. Ziwa halikulipuka. Mwezi Juni watu walianza kurudi kwa awamu, na hapo ndipo maneno yalipoanza: kwamba jenerali alikuwa na pupa, kwamba mji mzima ulisumbuliwa kwa jambo lisilotokea.

Ndugu wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na usalama, jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Askari na polisi ndio wanaotumwa kugonga milango usiku na kusimamia njia panda. Wao ndio wanaopaswa kujibu pale mwananchi anapouliza kwa nini aache nyumba yake. Je, amri ile ilisimama juu ya nini?

Ilisimama juu ya kazi ya miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu ambao hakuna aliyewaona isipokuwa wavuvi.

Ziwa Kivu lina eneo la kilometa za mraba 2,400 hivi, na kina chake kinafika meta 485. Tangu miaka ya 1930 wataalamu waliokuja kupima maji yake walitambua kuwa ziwa hilo si kama mengine. Maji ya juu na maji ya chini hayachanganyiki. Chini ya meta 260 hivi kuna maji mazito zaidi, yenye chumvi nyingi na joto kuliko ya juu, nayo yamelala hapo kwa mamia ya miaka. Ndani ya maji hayo mazito imeyeyuka gesi: hewa ya ukaa inayotoka katika ardhi ya volkano, na methani, gesi inayowaka. Ikiwa yote ingetolewa na kuachwa hewani, methani ingejaza kilometa za ujazo 60 hivi, na hewa ya ukaa kilometa za ujazo 300. Uzito wa maji yaliyo juu ndio unaoizuia isitoke, kama kifuniko kinavyozuia gesi katika chupa ya soda.

Kujua kwamba gesi ipo ni jambo moja. Kujua ni kiasi gani ni jambo jingine, na ndilo gumu. Mtafiti akishusha chombo chake hadi meta 400 na kuchota maji, maji hayo yakipanda juu hufanya kama soda iliyofunguliwa. Gesi huchemka na kutoroka kabla haijapimwa. Kosa dogo la mkono, na hesabu yote inapotoka. Katika miaka ya 1974 na 1975 Mjerumani mmoja, Klaus Tietze, alifanya kazi hiyo ziwani, kina baada ya kina. Matokeo aliyaandika katika tasnifu yake ya shahada ya udaktari, aliyoitoa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Kiel, katika Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule.

Tasnifu hiyo iliandikwa kwa Kijerumani. Haikuwahusu makamanda wala magavana. Wakati ule aliyeyajali maji hayo aliyajali kwa ajili ya nishati, maana tangu mwaka 1963 methani kidogo ilikuwa ikivutwa kutoka ziwani upande wa Rwanda ili kuchochea matanuri ya kiwanda cha bia cha Gisenyi. Hatari haikuwa habari kubwa.

Habari ya hatari ilitoka mbali, nchini Kamerun. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Agosti, 1984, watu 37 walikufa kando ya ziwa dogo liitwalo Monoun. Maiti nyingi zilikuwa barabarani. Hazikuwa na jeraha la risasi wala la panga. Ni rahisi kumfikiria ofisa wa usalama aliyefika mahali pale na daftari lake: wazo la kwanza la wengi lilikuwa kwamba kuna adui aliyetumia sumu. Lori moja lilikuwa limezimika njiani karibu na ziwa. Abiria walioshuka walikufa, na wawili waliokaa juu kabisa ya mzigo wakapona. Maelezo ya kisa hicho yalipatikana baadaye, wataalamu walipolichunguza ziwa lenyewe. Hewa ya ukaa ilikuwa imelipuka kutoka kwenye kina, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, ilitambaa chini chini kama maji. Waliokuwa juu ya lori walikuwa juu ya gharika isiyoonekana.

Wapo waliodhani kuwa maelezo hayo ni ya kubuni. Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 21 Agosti, 1986, Ziwa Nyos, katika nchi hiyo hiyo, lililipuka na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya ng'ombe, wengine wakiwa mbali na ziwa kwa zaidi ya kilometa 20. Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Na Nyos ni kidimbwi tu: Ziwa Kivu linalishinda kwa eneo mara 1,500, na watu wanaoishi kandokando ya Kivu ni zaidi ya milioni mbili.

Tangu hapo kila Nyiragongo ilipotikisika, macho yaligeukia ziwa. Tarehe 17 Januari, 2002, lava ilipita katikati ya Goma, ikaunguza kitovu cha biashara na kuingia ziwani. Mji karibu wote ulikimbilia Rwanda. Vipimo vilivyochukuliwa baadaye vilionyesha kuwa lava ilikuwa imeteremka majini meta 100 hivi tu. Haikufika kwenye matabaka yenye gesi nyingi. Hivyo ziwa lilitulia. Lakini swali likabaki: je, gesi inaongezeka?

Hapo ndipo karatasi za Kiel zilipotolewa rafuni. Vipimo vipya vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vililinganishwa na vile vya 1974 na 1975, na mwaka 2005 watafiti walitangaza kuwa methani ilionekana kuongezeka kwa asilimia 15 hivi katika miaka 30. Kama ni kweli, basi kabla ya karne hii kwisha maji ya chini yangeshiba gesi, na ziwa lingeweza kupasuka lenyewe bila kusukumwa na volkano. Tangazo hilo lilienea duniani. Baadhi ya magazeti yalilipamba kupita kiasi, kama ilivyo desturi yao.

Wenye elimu hiyo hawakuridhika. Mwaka 2018 makundi kadhaa ya wapimaji yalikutana ziwani, kila kundi likiwa na vyombo vyake na njia yake, wakapima maji yale yale kwa wakati mmoja ili kosa la chombo kimoja lifichuliwe na kingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Gesi haikuonekana kuongezeka. Vipimo vya Tietze vilikuwa vimekaa sawasawa tangu alipoviandika, na ongezeko lililotangazwa lilitokana na mashaka ya upimaji.

Kwa hiyo mwezi Mei 2021, walioitwa kutoa ushauri kwa gavana wa kijeshi waliweza kutenganisha mambo mawili ambayo mtu mwenye hofu huyachanganya. Ziwa halikuwa karibu kulipuka lenyewe. Hilo lilijulikana kwa tarakimu. Lakini mawe yaliyoyeyuka yakipasua sakafu ya ziwa kwenye kina kirefu, hilo ni jambo lingine kabisa, kwa kuwa maji mazito yanaweza kusukumwa juu kwa nguvu, na kifuniko cha chupa kikafunguka. Mitetemeko ilikuwa ikielekea huko. Kamanda aliyekuwa na taarifa hizo mezani, na mji wenye mamia ya maelfu ya watu mbele yake, hakuwa na haki ya kusubiri aone. Amri ilikuwa sahihi, hata kama ziwa lilitulia.

Lililokuwa na kasoro ni mapokezi. Sake ulikuwa mji mdogo, nao ulijaa watu bila maji safi, bila paa, kukiwa na tishio la kipindupindu. Kuhamisha mji hakuishii kwenye kizuizi cha mwisho cha barabara. Hesabu ya madebe ya maji huko waendako ni sehemu ya operesheni kama ilivyo hesabu ya magari.

Ipo kasoro nyingine, na ni ya zamani zaidi. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, kilikuwa kimepungukiwa fedha baada ya msaada mkubwa wa nje kukoma mwaka 2020, hata kikashindwa kwa miezi kadhaa kulipia mtandao unaoleta ishara za mitambo iliyo mlimani. Haki lazima isemwe: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mlipuko ule haukutoa dalili za kueleweka ila chini ya saa moja kabla. Mitambo yote ingefanya kazi, bado usiku wa tarehe 22 Mei ungekuwa mgumu. Lakini siku tano zilizofuata zilisomwa kwa mitambo hiyo hiyo. Mlima ule ulikwisha onyesha tabia yake tarehe 10 Januari, 1977, ulipomimina ziwa lake lote la lava kwa muda usiofika saa moja, ikateremka mitelemko kwa kasi ambayo mtu hawezi kuishinda kwa miguu. Mahali kama hapo mpimaji asiye na mafuta ya jenereta ni kama mlinzi aliyewekwa lindoni bila redio.

Upo pia upande mdogo wa jambo hili, unaomhusu askari mmoja mmoja. Karibu na Goma na Sake kuna mabonde na mashimo ambamo hewa ya ukaa hutoka ardhini polepole na kutuama. Wenyeji huyaita mazuku, na wataalamu wa nchi za nje wamelichukua neno hilo na kulitumia katika maandiko yao jinsi lilivyo. Kwa sikio la Mtanzania halipo mbali na mzuka. Mbuzi huingia akifuata majani na hatoki. Mwenge ukishushwa humo huzimika. Hatari huzidi usiku na alfajiri, upepo unapotulia, tena huzidi karibu na ardhi. Katika mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa eneo hilo, wapo waliolala mahali pa namna hiyo wasiamke. Askari wa doria akichoka hutafuta bondeni, penye kivuli na kinga ya upepo, na huko ndiko kusikofaa kulala.

Mambo haya si ya mbali kwa Tanzania. Mwaka 2013 askari wa Jeshi la Wananchi walikuwa Goma katika Brigedi ya Kuingilia Kati ya Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa wakati huo na Jenerali James Mwakibolwa. Mwishoni mwa Januari 2025 mji huo ulitekwa na waasi wa M23, na mitambo ya mlimani ikajikuta upande mwingine wa mstari wa mapigano, kama ilivyowahi kutokea katika vita vilivyopita. Vyombo hivyo vina betri, nyaya na mabamba ya jua, vitu ambavyo askari mwenye njaa wa upande wowote anaweza kuvibeba na kuviuza sokoni. Betri moja ikiondoka, mlima unanyamaza katika kituo cha uchunguzi, ingawa wenyewe haujanyamaza.

Upande wa Rwanda, mtambo unaoelea ziwani mbele ya Kibuye umekuwa ukivuta methani kutengeneza umeme tangu mwisho wa mwaka 2015, ukiwa na uwezo wa megawati 26. Gesi hupunguzwa kidogo kidogo, na maji yaliyotumika hurudishwa kwenye kina kilichoamuliwa ili matabaka yasivurugwe. Wanaochunguza kama matabaka yametulia bado hushusha vyombo vyao kwa kamba kutoka kwenye mashua, meta kwa meta, na wanapolinganisha hurudi kwenye tarakimu za 1974 na 1975.