Tembo, nipa na koo la mnywaji

Msikilizaji wa Mucojo, pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, huenda akasema: pwani yetu ni ya Waislamu, pombe ina nini nasi? Lakini minazi hugemwa, na nipa, pombe kali ya kienyeji, haikosi mnunuzi. Mbele ya maradhi tusijifiche nyuma ya msikiti.

Mwili hugeuza kilevi kuwa asetaldehidi, sumu inayoharibu vinasaba katika kinywa, umio, ini na utumbo mpana. Iwe bia ya chupa, divai au tembo la mnazi, kinachodhuru ni kilekile. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka pombe kwenye kundi la visababishi vya hakika mwaka 1988. Sisi bado twabishana. Mnywaji akivuta na sigara, hatari ya saratani ya umio hupanda mno.

Msumbiji ina mzigo wa zamani zaidi: saratani ya ini, inayotokana hasa na homa ya ini aina ya B na sumukuvu ya karanga na mahindi. Pombe hapo ni kutonesha kidonda.

Chakula kikianza kukukwama kooni, huenda ni dalili ya saratani ya umio; usingoje kupigiwa ramli. Nenda kituo cha afya, uombe barua ya hospitali ya mkoa, Pemba.